Akiba Haiozi, Dawa ya Deni Kulipa: Ukidaiwa Bila Riba, Unaanza na Lipi?



Wazee walituachia maneno mawili ambayo ukiyaweka pamoja yanagombana. La kwanza, akiba haiozi. La pili, dawa ya deni kulipa. Sasa mwisho wa mwezi umefika, umeshatoa hela ya mzigo, umeshatoa hela ya kula, imebaki laki na nusu mkononi. Na kuna mtu anakudai. Utamsikiliza mzee yupi?

Kama deni lako lina riba kubwa, mjadala ni mfupi. Umekopa kausha damu, kila wiki deni linanenepa, lipa utoke. Lakini wengi wetu tunaouza Instagram na WhatsApp hatukuanzia huko. Tulianza na hela ya shangazi, ya kaka, ya rafiki tuliyesoma naye. Wengine tulipewa mali kauli Kariakoo. Wengine tulipokea mchezo wa kwanza tukafungulia biashara. Na wapo walioingia kwenye vikundi vya halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu.

Deni la namna hii halinenepi. Laki sita ya leo ni laki sita mwakani. Ndo maana linachanganya kichwa. Mwingine analipa lote haraka ili alale vizuri, anabaki hana hata mia. Mwingine anasema kwani lina haraka gani, anajaza kibubu huku mwenye hela anaangalia status zake za mzigo mpya. Mimi nina duka dogo la viatu na mikoba, nusu nauza dukani nusu mtandaoni. Shule niliishia kidato cha nne, hesabu hizi nimejifunza kwenye daftari la dukani. Twende nazo taratibu.

1. KWANZA HAKIKISHA KWELI HALINA RIBA

Neno "hakuna riba" linatumika vibaya siku hizi. Kuna mikopo haina riba lakini ina ada ya huduma. Mwingine hauna ada lakini ukichelewa siku moja kuna faini. Mwingine unaambiwa chukua simu lipa kidogo kidogo, hakuna riba. Ukijumlisha malipo yote unakuta simu ya laki tatu utailipa laki tano. Hiyo laki mbili hata wakiiita jina gani, ni riba.

Kipimo ni kimoja. Chukua jumla ya utakachorudisha, toa ulichopokea. Kikibaki kitu, hilo si deni ninalolizungumzia hapa. Ikibaki sifuri, na ukichelewa bado ni sifuri, endelea kusoma.

2. MALI KAULI ITOE KWENYE MJADALA

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Mali kauli ni deni lisilo na riba, sawa, lakini hailipwi na faida. Inalipwa na mauzo.

Tuseme umechukua pea 20 za viatu kwa elfu 15 kila moja, jumla laki tatu, kwa kauli ya kulipa mwisho wa mwezi. Pea moja ikiuzwa 22,500, elfu 15 ya humo si yako. Ni ya mwenye mali, imepitia mkononi mwako tu. Kila pea ikitoka, elfu 15 yake itoke hapo hapo iende laini nyingine, isikae na hela ya bando na hela ya boda. Ukifanya hivyo, siku ya kulipa ikifika unakuta hela ipo inakusubiri.

Kwa hiyo unapojiuliza niweke akiba au nilipe deni, mali kauli haimo kwenye swali hilo. Inalipwa kwanza na kwa tarehe, kwa sababu ukiivunja kauli unachopoteza ni mlango wa mzigo. Ni hasara ya kiasi gani? Utaona kwenye hesabu hapa chini.

3. HESABU YA LAKI NA NUSU

Tuchukue muuzaji mmoja wa mfano. Anauza viatu na mikoba mtandaoni, ana chumba cha kupanga, hana mtoto.

Mzigo wa mwezi mzima: 1,000,000. Hapo 700,000 ni mtaji wake na 300,000 ni mali kauli.
Mauzo: 1,500,000.
Faida kabla ya gharama: 500,000.
Bando, vifungashio, boda, matangazo ya kulipia: 150,000.
Inabaki: 350,000.
Kula, kodi ya chumba, nauli: 200,000.
Kinachobaki kabisa: 150,000.

Madeni yake ya pembeni ni mawili. Rafiki anamdai 240,000, walikubaliana alipe mwisho wa mwezi wa nne. Shangazi anamdai 600,000, alimwambia "utanipa ukipata". Jumla 840,000. Akiba hana.

Njia ya kwanza, analipa tu. Kila mwezi laki na nusu yote inaenda kwenye madeni. Mwezi wa sita deni limekwisha, imebaki 60,000. Miezi miwili inayofuata anaweka 300,000. Mwezi wa nane ukiisha: deni sifuri, akiba 360,000.

Njia ya pili, anaweka tu. Mwezi wa sita ana 900,000. Anatoa 840,000 analipa wote kwa mkupuo, inabaki 60,000. Miezi miwili anaongeza 300,000. Mwezi wa nane ukiisha: deni sifuri, akiba 360,000.

Njia ya tatu, anachanganya. Miezi miwili ya kwanza anaweka 120,000 akiba na anamtumia shangazi 30,000. Mwezi wa tatu na wa nne anampa rafiki 120,000 kila mwezi na shangazi 30,000. Rafiki kaisha, kwa tarehe yake. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane anampa shangazi 120,000 na akiba 30,000. Mwezi wa nane ukiisha: deni sifuri, akiba 360,000.

Umeona? Zote tatu zinafika palepale, siku ileile, na shilingi ileile. Deni lisipokuwa na riba, kutanguliza hili au lile hakukuongezei wala kukupunguzia hela. Kwa hiyo acha kugombana na watu kuhusu ipi ina faida zaidi. Cha kujiuliza ni kimoja: kati ya leo na mwezi wa nane, njia ipi itakuvusha ukiteleza?

Maana utateleza. Tuone mwezi wa tatu unaanza, simu imeanguka, kioo kimekufa na kamera imekufa. Kwetu sisi simu si ya kupigia tu. Ndiyo duka, ndiyo kaunta, ndiyo daftari la wateja. Ya kuanzia kazi tena inapatikana kwa 220,000.

Aliyeshika njia ya kwanza ameshalipa deni 300,000, lakini mfukoni hana kitu. Ana milango miwili. Anaweza kwenda kausha damu: achukue 220,000, arudishe labda 286,000 baada ya mwezi. Yaani kamaliza nguvu kulipa deni lisilo na riba ili akaingie kwenye deni lenye riba. Au anaweza kula mtaji. Watu wengi wanaona hilo ndilo salama, lakini hebu tulipige hesabu. Mzigo unashuka kutoka 1,000,000 hadi 780,000. Mauzo yanakuwa 1,170,000. Faida 390,000. Toa gharama 150,000, toa maisha 200,000. Kinachobaki ni 40,000. Kutoka laki na nusu hadi elfu 40 kwa mwezi, kwa sababu ya simu moja. Lile deni lililobaki, ambalo lingeisha kwa miezi minne, sasa ni la zaidi ya mwaka kama hatapata namna ya kurudisha mtaji.

Aliyeshika njia ya tatu ana 240,000 pembeni. Ananunua simu, anabakiwa na elfu 20. Mzigo wake haujaguswa. Mwezi huo laki na nusu yake inakuja kama kawaida. Atachelewa kama miezi miwili hivi, basi.

Na aliyeshika njia ya pili? Simu ameinunua bila shida, akiba anayo. Lakini mwezi wa nne ukiisha, rafiki anataka hela yake kama mlivyoahidiana, naye hajamtumia hata mia. Hata akimlipa wote siku hiyo, shangazi bado hajasikia lolote. Miezi minne ya ukimya ni mirefu kwa mtu aliyekupa laki sita bila maandishi.

Halafu ile mali kauli. Tuseme kwa kubana hela ya akiba mtu akavuruga tarehe ya mwenye mzigo, akafungiwa. Mzigo unabaki 700,000. Mauzo 1,050,000. Faida 350,000. Toa 150,000, toa 200,000. Kinachobaki ni sifuri. Hata kama boda na vifungashio vitapungua kidogo kwa sababu unauza pungufu, umeona ilipokuwa inatoka ile laki na nusu. Ilikuwa inatoka kwenye kauli yako.

4. RIBA IPO, ILA ANAILIPA MWINGINE

Kuna watu wakisikia deni halina riba wanasema basi lisubiri, hela inapungua nguvu, nitalipa baadaye kwa hela nyepesi. Kwa hesabu tupu hawajakosea sana. Mfumuko wa bei hapa Tanzania kwa miaka ya karibuni umekuwa ukizunguka asilimia 3 kwa mwaka. Laki sita ya shangazi ikikaa kwako mwaka mzima, inarudi kwake ikiwa imepungukiwa nguvu ya kama elfu 18.

Lakini elfu 18 hiyo haikupotea hewani. Kailipa shangazi. Na mara nyingi anachokilipa ni zaidi ya hiyo.

Mtaji wangu wa kwanza ulitoka kwa baba mdogo. Laki nne, bila riba, bila karatasi. Hela ile ilikuwa ya bati. Alikuwa amepandisha kuta za nyumba yake kijijini, akasema bati zitasubiri, anza kwanza wewe. Nilimlipa kwa miezi 10, elfu 40 kila mwezi, na kila mwezi nilikuwa naweka na elfu 10 yangu pembeni. Hakuwahi kunipigia simu hata mara moja. Lakini nilikuwa najua masika yakija zile kuta zinanyeshewa. Ile ndiyo riba yake, na mlipaji alikuwa yeye.

Kwa hiyo kabla hujapanga, jiulize: hela hii kwa mwenyewe ilikuwa ya nini? Ada ya mtoto Januari? Mbegu? Bati? Au ni mtu mwenye nazo ambaye hata hakumbuki? Jibu ndilo litakalokuambia yupi aanze kupata na kwa kasi gani. Mkataba hauwezi kukuambia hilo, kwa sababu mkataba wenyewe haupo.

5. AKIBA YA KWANZA IWE KIASI GANI

Utasikia watu wanasema weka akiba ya miezi mitatu au sita ya matumizi. Ushauri mzuri, lakini kwa mtu anayebakiwa na laki na nusu na bado anadaiwa, hiyo ni safari ya mbali. Ukisubiri ufike huko ndo uanze kulipa, utapoteza watu.

Mimi natumia kipimo kidogo. Andika vitu viwili:

- Bei ya kitu kimoja ambacho kikiharibika leo, kesho huuzi. Kwa wengi wetu ni simu. Kwa anayeuza keki ni oveni. Kwa anayeshona ni cherehani.
- Gharama ya kula na kulala ya mwezi mmoja.

Chagua kikubwa kati ya hivyo viwili. Hiyo ndiyo akiba yako ya kwanza. Kwa muuzaji wetu simu ni 220,000, maisha ni 200,000, kwa hiyo akiba ya kwanza ni 220,000 na kidogo juu yake. Ukiifikisha, simama. Geukia deni kwa nguvu. Akiba kubwa utaijenga deni likiisha.

Angalia pia usiite dharura kitu unachokijua. Kodi ya fremu inayotakiwa miezi sita mbele si dharura, tarehe yake unaijua. Kodi ya TRA inayolipwa kwa awamu nne kwa mwaka si dharura. Hivyo vina mfuko wake, unavikatia kidogo kidogo kwenye gharama za biashara. Dharura ni kile kisichopiga hodi: simu kuanguka, kulazwa, ukurasa kudukuliwa, mzigo kupotea njiani ukienda mkoani.

6. IKAE WAPI

Isikae kwenye laini unayopokelea malipo ya wateja. Hela ya akiba ikichanganyika na hela ya mauzo, ukiona salio kubwa utadhani umefanikiwa, utaagiza mzigo. Tumia laini nyingine au akaunti ya benki isiyo na kadi mfukoni. Kibubu cha nyumbani kinafaa kwa kiasi kidogo, ila kumbuka wezi na moto.

Isikae kwenye hisa za kikoba peke yake. Vikoba vingi hisa hutoi mpaka kikundi kivunje mwisho wa mwaka. Simu haisubiri kikundi kivunje.

Na isikae mbali sana. Mfuko kama wa Ukwasi wa UTT AMIS ni mahali pazuri pa akiba kubwa ya baadaye, hela inazaa. Lakini kuitoa kunachukua siku chache za kazi. Akiba ya kwanza inatakiwa ipatikane siku hiyohiyo.

Neno kuhusu mchezo, maana watu wengi wanasema "mimi akiba yangu ni mchezo". Inategemea unapokea wa ngapi. Watu 10, kila mmoja elfu 50 kwa mwezi. Ukipokea wa mwisho, hiyo kweli ni akiba, ila ina tarehe, haitakuokoa mwezi wa tatu. Ukipokea wa kwanza, umebeba 500,000 na bado una michango tisa mbele, yaani 450,000. Hilo ni deni lisilo na riba, tena zito kuliko la shangazi, kwa sababu nyuma yako kuna watu tisa na kila mmoja ameshapangia zamu yake. Mchango wa mchezo uweke pamoja na mali kauli: unalipwa kwa tarehe, haujadiliwi. Marejesho ya kikundi cha halmashauri nayo vivyo hivyo. Ukichelewa wewe, wanaonyooshewa kidole ni kikundi kizima.

7. "SI BORA NIONGEZE MZIGO?"

Najua kuna mtu analiuliza moyoni. Kama elfu 100 ya mzigo inaleta elfu 150, kwa nini niiweke laini nyingine ilale, au nimpe shangazi ambaye hajaiomba?

Swali la haki. Jibu langu lina sehemu tatu.

Mzigo si akiba. Simu ikianguka Jumatatu huwezi kumlipa muuza simu kwa pea saba za viatu. Utaziuza kwa bei ya kutupa, na faida uliyoitegemea inaishia hapo.

Mzigo kuongezeka hakumaanishi wateja wameongezeka. Kama mzigo wako wa sasa unaisha kabla ya mwezi kuisha na wateja wanauliza unasema umeisha, hapo kuongeza kuna maana. Kama kuna pea zimekaa tangu mwezi juzi, ukiongeza mzigo unaongeza stoo tu.

Na ya tatu, hela ya shangazi ni ya shangazi. Ukitaka iendelee kukuzalishia, mwombe. Mwambie: sikukuu inakaribia, naomba hii laki nizungushe mwezi mmoja, tarehe fulani nakupa. Akikubali, umezungusha kwa ridhaa yake. Usipomwambia, umejikopesha mara ya pili bila mwenyewe kujua.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: akiba ya kwanza, kisha madeni kwa tarehe zake, na mzigo wa ziada pale tu soko linapouvuta na mwenye hela anajua.

8. LINI UVUNJE UTARATIBU HUU

Kuna nyakati deni litangulie hata kama huna akiba.

- Aliyekukopesha amepata shida. Anauguza, amefiwa, ada ya mtoto imegoma. Hapo hesabu weka chini. Mpe ulichonacho. Dharura yake na yako zina uzito mmoja, na yeye ndiye aliyetangulia kukusaidia.
- Una mgongo mwingine. Unaishi kwa wazazi, hulipi kodi, una bima ya afya, na kuna simu ya pili nyumbani. Mgongo huo ndio akiba yako kwa sasa, elekeza nguvu kwenye deni.
- Unajijua. Kuna mtu hela ikikaa wiki mbili imeshakuwa nywele na viatu. Kama ndivyo ulivyo, lipa deni upesi, maana akiba kwako haitafika popote. Au mpe mtu mwingine akushikie.
- Deni limeanza kuharibu undugu. Mmeanza kukwepana kwenye misiba na sendoff. Lipunguze kwanza, hata kwa nusu.

Na kabla ya yote hayo, geuza daftari uangalie wewe unamdai nani. Wauzaji wengi wa mtandaoni wana elfu 30 ya huyu, elfu 45 ya yule, "nitakutumia mwisho wa mwezi". Hizo ni mikopo isiyo na riba umeitoa wewe. Haina maana kukopa kwa shangazi ili ukopeshe wateja viatu. Kusanya hizo kwanza, huenda akiba yako ya kwanza imelala kwenye simu za watu.

9. KINACHOTULIZA DENI LISILO NA RIBA NI TAARIFA

Deni la benki lina karatasi inayosema lini na kiasi gani. La shangazi halina, kwa hiyo karatasi iandike wewe. Mtu akijua lini atapata, anaweza kusubiri miezi nane bila kinyongo. Asipojua, wiki mbili tu zinamtosha kuanza kuhesabu posti zako.

Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo shangazi. Naendelea vizuri na biashara, nakushukuru. Ile laki sita yako sijaisahau. Kuanzia mwezi huu nitakutumia elfu 30 kila tarehe 5 kwa miezi minne, maana kuna mtu mwingine nammalizia. Baada ya hapo nitapandisha iwe laki na elfu 20 mpaka iishe mwezi wa nane. Ukipata shida yoyote kabla ya hapo naomba uniambie tu, nitajipanga."

Soma tena mstari wa mwisho. Unampa mlango wa kusema bila kuona aibu. Wakubwa wetu wengi hawawezi kukudai, wanaona ni kama kukuvunja moyo. Wanakaa kimya na shida yao. Ukishasema hivyo, akibanwa atakuambia.

Elfu 30 kwenye laki sita inaonekana ndogo, lakini tarehe 5 ikifika na ikaingia, tarehe 5 nyingine ikaingia, huyo mtu amekuamini kuliko angepokea laki moja leo na kimya cha miezi mitano. Na siku utakapohitaji tena mtaji, hutaanza na maelezo.

USIKU WA LEO FANYA HIVI

Chukua daftari. Ukurasa mmoja, safu nne: nani ananidai, kiasi gani, tarehe ipi, hela ilikuwa ya nini kwake. Chini yake andika kinachobaki kwako kila mwezi baada ya mzigo, gharama na maisha. Kisha andika bei ya kile kitu kimoja kinachoweza kukusimamisha kesho.

Hapo utaona mwenyewe unahitaji miezi mingapi ya akiba ya kwanza, na nani aanze kulipwa baada yake. Ukishajua, tuma huo ujumbe kabla hujalala. Hela inaweza isitoke leo, lakini taarifa haihitaji mtaji.

Kama kuna mwenzio anauza mtandaoni na anadaiwa na ndugu, mtumie asome.